Kati ya Malindi na Kipini

Basi lililotubeba asubuhi kutoka Ruiru kwenda kiwanda cha nyuzi Thika lilikuwa limezeeka kuliko barabara yenyewe. Kabla ya kuletwa kwetu lilikuwa la safari za Pwani, na aliyeliuza alisahau kubandua ramani. Ilikuwa imegundishwa ukutani ndani, upande wa kushoto, safu ya tatu, katikati ya madirisha mawili: kipande kirefu chembamba cha karatasi chenye ufuo wote wa Kenya, Kiunga juu karibu na paa, Vanga chini usawa wa kiwiko. Aliyekaa hapo alisinzia kichwa kikiwa juu ya ramani. Vichwa vya miaka hiyo yote vilikuwa vimeila karatasi kwa mafuta ya nywele. Ukianzia chini ulisoma Vanga, Shimoni, Gazi, Mombasa, Kilifi, Malindi, halafu doa jeupe la ukubwa wa kisogo, halafu Kipini, na kuendelea juu hadi Kiunga.

Mchezo ulitoka kwenye karatasi hiyo. Tuliuita Niko Wapi. Mtu anauliza, "Mimi niko wapi?" anatoa dalili tatu za mahali fulani Pwani, na wengine wanabahatisha. Mombasa, Malindi na Diani tulizipiga marufuku kwa sababu ni za watu wa fungate. Sharti pawe mbali, mahali ambapo hata mhubiri wa stendi hajafika. Simu zinakaa mfukoni. Mshindi anapewa kiti cha injini, kile kilicho kando ya dereva, ambacho mwezi wa Julai, baridi ya Ruiru ikiwa imeshaingia mpaka kwenye meno, kilikuwa na joto la kuangua mayai. Kuna asubuhi nilikalia kiti hicho nikadhani nitatoka na vifaranga.

Sasa, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona bahari. Dereva ndiye aliyekuwa amesogea zaidi: alifika Mtito Andei, gari likachemka, akarudi. Dalili zetu zilikuwa za minazi, kasa na papa, zilizookotwa redioni na kwenye hadithi za mashemeji. Zilizobaki zilitoka kwangu. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na minne, kwenye masomo ya jioni, na nikapata B ya Jiografia ambayo niliitembeza Ruiru nzima kama mtoto mchanga. Mwenye B kama hiyo hawezi kukubali kwamba kuna mahali hajafika. Kwa hiyo nilikuwa nimefika kote. Shimoni, kaa walikuwa wakinisalimia. Faza nilikula samaki ambaye mifupa yake tulijengea kibanda cha kuku.

"Hiyo bahari uliionea wapi, kwa sufuria?" aliuliza dada mmoja wa upakiaji, aliyekaa nyuma yangu na ambaye kazi yake maishani ilikuwa ni mimi. "Huyu uongo wake unataka leseni."

Watu walikuwa wakicheka, nami nilikuwa nikiongeza chumvi. Lakini ndani sikuwa nasikia chochote. Ukikaa na mashine ya kusokota nyuzi, mikono ndiyo inayokufa ganzi kwanza, halafu masikio, halafu kitu kingine ambacho sikusoma jina lake shuleni. Nilichekesha watu arobaini kila asubuhi huku mimi mwenyewe nimekaa huko ndani kama mtu anayengoja zamu yake ifike. Nafikiri wengi tulikuwa hivyo. Mchezo ulitutoa Ruiru ukatufikisha Thika, basi.

Kulikuwa na mama mmoja wa ukaguzi, yule anayeshika uzi kwa vidole kutafuta palipokatika. Alikuwa akiishi Kalimoni na kupandia Juja. Kwa miaka mitatu alikaa palepale safu ya tatu, chini ya ramani, mgongo wima, bila kuegemea na bila kucheza hata siku moja. Tulimzoea kama tulivyoizoea ramani.

Asubuhi moja, tukiwa tumeiacha Juja, akasema bila kugeuka, "Na mimi niko wapi?"

Watu waligeuza shingo. Hata dereva alisahau gia.

"Kuna chumvi imewekwa vilima vilima, nyeupe kama unga wa ngano," akasema. "Kuna manyumba ya chuma yamesimama ndani ya maji kwa miguu, na hakuna mtu anaishi huko. Na upepo hauishi. Ukikunywa chai unatafuna mchanga."

"Kiunga!" dada wa upakiaji akabahatisha, akicheka.

"Vanga!" dereva akapaza sauti kutoka mbele.

Mama akanitazama mimi. Nami nikatazama ramani juu ya kichwa chake, na jina la kwanza lililosomeka juu ya lile doa jeupe ndilo nililolichukua.

"Kipini!" nikasema. "Hapo msinidanganye. Nimelala huko wiki mbili. Hizo nyumba za chuma nimezizunguka kwa miguu yangu."

"Kwa miguu, na ziko ndani ya maji?" akauliza dada wa upakiaji.

"Maji yalikuwa yameenda likizo."

Basi zima lilicheka. Mama hakucheka. Aliuliza, "Umefika kweli?"

"Mara mbili, mama."

"Basi ndiko mtoto wangu ako."

Alitueleza kwa sauti ileile anayomwambia msimamizi ni nyuzi ngapi zimekatika. Kitindamimba wake, kijana wa miaka ishirini na sita, alienda Pwani kutafuta kazi. Alikuwa akipiga simu. Mwezi wa pili alipiga, akamwambia habari ya chumvi, ya nyumba za chuma na ya mchanga ndani ya chai, halafu laini ikakatika. Tangu hapo namba haipatikani.

"Sikumuuliza jina la mahali," akasema. "Nilijua ako Mombasa."

Hakuna aliyemcheka kwa hilo, kwa sababu sote ni hivyo. Kwetu mtu akishapita Mtito Andei yuko Mombasa. Awe Lamu, awe Vanga, awe amesimama katikati ya maji, yuko Mombasa. Mama alikuwa ameenda kuripoti kwamba mwanawe amepotea, akaulizwa wapi, akasema Mombasa, nao wakaandika Mombasa, wakamwambia arudi nyumbani angoje.

"Mimi nimekaa chini ya hii karatasi miaka tatu nikiwasikia," akasema. "Ni nyinyi mmenifanya nijue Mombasa ni majina mengi hivi."

Nikapewa kiti cha injini. Nilikikalia. Joto likapanda mgongoni taratibu mpaka shingoni, na Witeithie tukaipita, na hapo ndipo ningeweza kugeuka nikasema ukweli. Sikugeuka.

Wiki hiyo mama aliomba likizo, akapewa. Angesafiri Jumamosi. Aliniomba nimwandikie njia, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa shule na tena ndiye niliyefika. Nikaandika ukurasa mmoja na nusu, kwa ule mwandiko wangu wa masomo ya jioni wenye mikia. Shuka Malindi. Panda gari la kuelekea Garsen. Uliza Kipini. Ukifika, ulizia nyumba za chuma, hata mbuzi wa huko wanazijua. Nikachora na mishale. Ilikuwa kazi safi sana. Akaikunja akaitia ndani ya kitabu cha nyimbo, na kutoka kwenye mfuko uleule akatoa sweta aliyokuwa akimfumia kijana, ya kijani, imebaki mkono mmoja.

"Huko ni joto, mama," nikamwambia.

"Si atarudi huku?"

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, nilifungua simu nitazame picha za Kipini, nipate neno moja la kuongeza. Nikaona mdomo wa mto, tope na mikoko. Nikaona mashamba. Chumvi hakuna. Chuma hakuna. Nikampigia mwalimu wangu wa Jiografia wa masomo ya jioni, ambaye siku hizi anafuga mbuzi Gatuanyaga, na nikamtolea zile dalili tatu kama mchezo tu.

"Ngomeni," akasema kabla sijamaliza. Nyuma yake mbuzi walikuwa wakilia. "Juu kidogo ya Malindi. Hayo manyumba ni majukwaa ya zamani ya kurushia roketi."

"Kipini haiwezi kuwa?"

"Kipini iko mbele kabisa, mto Tana unapoingia baharini. Wewe, hiyo B nilikufundishia mimi ama uliiokota barabarani?"

Ngomeni ilikuwa ndani ya lile doa jeupe. Vichwa vyetu vilikuwa vimeifuta.

Alhamisi asubuhi nilifanya mazoezi ya maneno kutoka Ruiru hadi Juja. Nilikuwa na maneno mazuri, yenye utangulizi. Mama alipopanda nikaenda kukaa kando yake, na utangulizi wote ukapotea.

"Mama, si Kipini. Ni Ngomeni."

"Ulikosea?"

"Sikukosea. Sijawahi kufika. Kipini wala kwingine kokote. Mimi mwisho wangu ni Machakos, na nilienda matanga."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, na sauti yangu ya kawaida inasikika mpaka bampa ya nyuma. Dada wa upakiaji, ambaye alikuwa amengoja siku hiyo miaka mitatu, alisema tu, "Haki ya Mungu."

"Najua hukufika," mama akasema.

"Ulijua?"

"Mtu amefika angeniuliza kijana anaitwa nani, ni mrefu, ni mfupi. Pengine walionana. Wewe uliniuliza nini?"

Sikuwa nimemuuliza kitu.

"Sasa mbona ulitaka kwenda na karatasi yangu?"

Akafungua kitabu cha nyimbo. "Hao wengine walisema wakicheka. Wewe ulisema kama mtu ako na uhakika. Nilikuwa nimechoka, nikataka mtu ako na uhakika."

Akatoa kalamu, akafuta Kipini kwenye karatasi, akaniuliza Ngomeni inaandikwaje, akaandika. Mimi nikakaa nikingoja aibu. Niliingoja mpaka Thika. Haikuja. Kilichokuja ni kengele ya kazi.

Hakuwepo siku tisa, pamoja na za njiani na za kumtafuta. Siku hizo hatukucheza. Hakuna aliyesema tusicheze, ila kila aliyefungua mdomo aliishia kupiga miayo.

Alipopanda tena Juja, ilikuwa Jumatatu. Alikuwa ameungua jua puani. Alienda mahali pake akakaa, mgongo wima.

"Mama, ulimpata?" dada wa upakiaji akauliza.

"Nilimpata."

Kelele zilizopigwa humo, nadhani Nairobi walizisikia. Watu walipiga makofi, mmoja akalia "Ngai!" na dereva akapiga honi mfululizo kama ameoa yeye. Mama alingoja tumalize.

"Ako," akasema. "Anafanya kazi ya chumvi. Anakula vizuri. Simu ilianguka kwa maji, akapata laini ingine, akazoea."

"Akazoea nini?"

"Kutopiga."

Makofi yalikuwa yamekwisha.

"Nilimkuta anakusanya chumvi na reki," akaendelea. "Aliponiona alisimama. Akaniuliza, 'Mama, umekuja kufanya nini?'"

Kijana alikuwa amempikia chai. Ilikuwa na mchanga, kama alivyosema. Alimpisha kitandani, yeye akalala chini kwenye mkeka. Kulipokucha alienda kazini, jioni alirudi, akala, akalala. Siku nne. Hawakugombana. Siku ya tano alimsindikiza kwenye boda mpaka barabara kuu, akamfungia mfuko vizuri.

"Na sweta?" nikauliza. Hilo ndilo swali la kwanza la maana nililowahi kumuuliza.

"Nilimwachia. Ameitundika kwa msumari."

"Atarudi?"

"Hakusema."

Nilimtazama nione kama atalia, ili nijue uso wangu niuweke vipi. Hakulia. Kiti cha injini kilikuwa wazi, na ile baridi ilikuwa bado ile, nikamwambia, "Mama, nenda ukakae kwenye joto. Leo ni chako."

"Hapa panatosha."

Akachukua kalamu yake, akageukia ukuta, na ndani ya lile doa jeupe akaandika Ngomeni. Basi lilikuwa likiruka matuta na karatasi ilikuwa na mafuta, kwa hiyo alirudia kila herufi mara tatu nne, na jina likatoka limepanda mlima. Sasa kati ya Malindi na Kipini pana kitu.

Mchezo ulirudi baada ya majuma kadhaa. Bado nabahatisha, na bado nashinda kuliko wote, ila siku hizi naanza na "sijafika, lakini". Dada wa upakiaji anasema nimeharibika. Kijana amepiga simu mara mbili tukiwa safarini. Mama anapokea, anasema ndio, mzuri, sawa, halafu anairudisha mfukoni na kutazama mbele.

Juzi alipanda mfanyakazi mpya Ruiru, amechoka na hata kazi hajaianza, akakaa safu ya tatu upande wa dirisha kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Mama alipoingia Juja alikaa kando yake. Kabla ya Witeithie mgeni alikuwa amelala, kichwa kimeegemea karatasi, kinasugua kila tulipopita tuta. Mama alimgusa bega.

"Ondoa kichwa hapo," akamwambia. "Utapafuta."

Mgeni akakaa wima mpaka Thika.