Bibi Aliyachemsha Meno Kama Shati Jeupe

BIBI AMECHEKA SOKONI! Mdomo wazi, kichwa nyuma, na meno yote yakabaki ndani! Jamani, nilipiga vigelegele mpaka muuza viatu wa pembeni akadhani tumeibiwa.

Ngoja nianze vizuri. Bibi yangu anauza mitumba, na mtaji wake ni mdomo. Hana bango, hana spika. Anapanda juu ya kigoda, anainua gauni: "Hili malkia alilivaa akaona limemzidi uzuri, akalitupa! Njoo wewe usiye na wivu!" Watu wanacheka, wanasogea, wananunua.

Basi akawekewa meno ya bandia, juu na chini. Alitamba! Shida ikaja kwenye kuyaosha. Amuulize nani, wakati yeye ndiye bingwa wa kufua? Shati jeupe likija na madoa, analitia kwenye maji yanayochemka na dawa ya madoa, linatoka linang'aa. Na meno akayafanyia vilevile. Kwenye sufuria! Mama alifunua mfuniko akijua ni mayai, akakuta meno yanamchekea.

Yakapinda. Ya juu yanacheza, ya chini yanamchoma ufizi. Siku moja yuko juu ya kigoda, anaita wateja, ya juu yakaruka yakatua kwenye rundo la soksi. Mteja akayatazama, akauliza, "Na haya bei gani?"

Mama Kelele, jirani yake wa mitumba, alicheka mpaka akakaa chini.

Kuanzia hapo Bibi kimya. Anajificha nyuma ya nguo, mtandio mdomoni, na wateja wanampita kama hawamjui. Mwisho akaniambia, "Mke mwenzangu, hii meza nadhani nimwachie mtu. Biashara ya mdomo haifanywi na bubu."

Yaani Bibi aache soko? Nikamburuta mpaka kwa fundi wa meno.

Fundi akayageuzageuza kwenye mwanga. "Bibi, haya umeyapika?"

"Nimeyasafisha."

"Kwa kuni au kwa gesi?"

Yalikuwa hayanyoosheki tena, akampima upya. Siku ya kuchukua mapya akampa masharti, na Bibi, muuzaji ni muuzaji tu, akaanza kuyabishania kama bei.

"Maji ya moto marufuku. Dawa ya madoa marufuku."

"Yanayochemka kidogo tu, mwanangu?"

"Hapana."

"Haya, vuguvugu. Tusigombane."

"Vuguvugu sawa. Brashi laini na sabuni ya maji kidogo, halafu suuza vizuri. Dawa ya meno inayakwaruza."

"Na majivu?"

"Bibi! Hapana. Na ukiosha, weka beseni la maji chini yake, yakikuponyoka yasivunjike. Usiku unavua, unayaloweka kwenye maji baridi, ufizi upumzike. Ufizi nao unausugua, na ulimi."

"Usiku mmoja mmoja nilale nayo. Nina mgeni."

"Mgeni gani wa usiku?"

"Marehemu mume wangu. Akinijia ndotoni anikute kibogoyo?"

Fundi alivua miwani akafuta machozi. "Alikupenda, atakuzoea. Vua."

Akakubali. Siku hizi akila tu, huyo kwenye beseni, na ukimsemesha wakati anasugua utajuta kuzaliwa.

Jana ndiyo akapanda kigoda tena. Akainua sketi. Mama Kelele akamuwahi: "Jamani kaeni mbali, meno yanaruka hapo!"

Watu wakageuka.

Bibi akasema taratibu, "Yaliruka yaliposikia bei zako, mama. Yalitaka kukimbia nchi!"

Soko likalipuka, na Bibi mwenyewe akaachia kicheko chake kile cha zamani. Hakuna kilichotikisika! Meza ikajaa, sketi zikaisha, na habari ya kumwachia mtu meza sijaisikia tena.

Jioni tunafunga, Mama Kelele akaja kiubavuubavu, kiganja mdomoni. "Shoga, huyo fundi wako anapatikana wapi? Maana mimi yangu nayaloweka kwenye dawa ya madoa, na yameanza kuniwasha."

Bibi akamtazama. Nilijua anatafuta neno la kummaliza. Akasogea kwenye kigoda, akapigapiga nafasi ya kukaa pembeni yake. "Kaa. Kwanza, maji ya moto marufuku."

Kama kwenu kuna anayevaa meno ya bandia, mtumie hii leo. Tafadhali, usibaki nayo peke yako.