Basi la Mama Latafuta Maji

Mama mmoja, dereva wa lori aliyestaafu, alinunua basi kuukuu akaligeuza nyumba. Safari ya kwanza akawapakia mwanawe wa kiume, mkwewe na wajukuu. Kwenye kambi ya ziwani, mlinzi aliwaelekeza nyuma kabisa, ubavuni mwa jenereta, kwa kuwa ufukweni palikuwa pa wageni wa hoteli tu.

“Mama, tukubali yaishe,” mwanawe alimsihi.

“Ujana wangu wote nimelala na ngurumo za injini. Leo nataka kusikia maji!”

Akageuza basi. Mwanawe alinuna njia nzima, mpaka walipopata kambi ya mtoni isiyo na umeme, yenye nyasi hadi majini. Wajukuu walishuka mbio, mama yao nyuma yao.

“Hapa hata mtandao hakuna,” mwanawe alilalamika.

“Basi kaa humo ununie simu,” mama akamjibu, akavua viatu na kushuka.