Nyumba ya Bomani na Ng'ombe wa Kisyeri

Nyumba ile aliijenga Wegesa, asikudanganye mtu. Maji ya kufyatulia matofali aliyabeba yeye kichwani, na mimba tumboni. Mumewe Mseti, karani wa chama cha ushirika, alichofanya ni kutia sahihi mkopo wa benki. Halafu mtaa mzima wa Bomani wakaiita nyumba ya Mseti. Haya!

Bwana wa benki alipokuja kukagua, aliuliza mpaka akachosha. Mshahara kiasi gani, kazini miaka mingapi, watoto wangapi. Swali lenyewe hasa hakuliuliza: ndugu, una mdogo wako ambaye hajaoa?

Mseti alikuwa naye. Kisyeri, kule kijijini Kemambo, mtu mzima na ndevu zake, anangoja ng'ombe wa mahari.

Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa, Mseti akarudi nyumbani na kalamu yake mfukoni. Mwezi wa kwanza benki haikupata kitu. Wa pili hivyo hivyo. Wa tano ikaja barua yenye mhuri: lipeni, la sivyo nyumba inapigwa mnada. Wegesa hakubabaika, maana wiki ileile binti yao Bhoke alitolewa mahari, ng'ombe ishirini.

"Baba Bhoke, uza kumi tulipe benki."

"Hao ni wa Kisyeri."

"Kwani Bhoke kazaliwa na Kisyeri?"

"Mama Bhoke, ng'ombe wa mahari ya dada yetu walikuwa wa kumwozea yeye. Niliwachukua nikakuoa wewe. Leo nimnyime tena? Nitamtazamaje usoni?"

Wegesa akawaka. "Basi angoje mwaka mmoja! Ndevu hazikumwota jana. Nyumba haingoji!"

Mseti alikuwa amekwisha kuamua. Kesho yake ng'ombe wakaswagwa hadi kwa mzee Filemoni, baba wa mchumba wa Kisyeri. Wote ishirini! Hata mmoja wa kuombea muda benki hakubakiza. Wegesa alilia kwa hasira, na siku mbili jiko halikuwashwa.

Siku ya mnada alikaa mlangoni, akakataa kusogea. Dalali akapaza sauti mara ya kwanza, mara ya pili. Majirani wakatazama chini, wakiona aibu kutaja bei. Wegesa akaanza kupumua: asipopatikana mnunuzi, labda benki itawaongezea muda.

Ndipo mtu akataja bei kutoka nyuma. Mzee Filemoni, shati jipya, noti zimejaa kwenye mfuko wa kaki. Ng'ombe wale wa mahari aliwauza sokoni Sirari juzi.

"Shikamoo, mzee," Mseti akasema, kichwa kimeinama.

Wegesa akainuka. Akamwekea Filemoni ufunguo mkononi, kisha akamgeukia mumewe.

"Inua kichwa, Baba Bhoke. Kisyeri unaweza kumtazama usoni. Haya, sasa nitazame mimi."