Waliandika Kwamba Hakufika

Mume wangu alirudi nyumbani Makongeni mwanzoni mwa miaka ya tisini, sikio moja likiwa limekufa kabisa na la pili likisikia nusunusu. Lori lao la jeshi lilikuwa limekanyaga bomu la kutegwa ardhini huko kaskazini, karibu na mpaka. Hakukatika kiungo. Hata kovu la kuonyesha watu hakuwa nalo, na nimekuja kuamini kwamba hilo ndilo lililomponza.

Jeshi lilimwachisha kazi kwa barua yenye muhuri: hafai kuendelea na utumishi kwa sababu ya kutosikia. Miezi michache baadaye ofisi ya madai ya ulemavu ikamwandikia kwamba madaktari wa ofisi hiyo hawakuona ulemavu wowote. Nilizilaza barua hizo mbili mezani, moja huku, nyingine kule, nikazisoma mpaka chakula kikaungua. Kama hasikii kiasi cha kufukuzwa kazi, anasikiaje kiasi cha kunyimwa haki yake?

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya reli, na ndiyo maana tulipata nyumba Makongeni. Basi niliipiga chapa rufaa yake mimi mwenyewe, saa ya chakula cha mchana, nikaambatisha nakala za barua zote mbili. Tulingoja zaidi ya mwaka. Wito ulipokuja alivaa suti yake ya harusi, akaenda peke yake, kwa sababu mimi sikupewa ruhusa kazini.

Alirudi jioni akaketi kizingitini. Nilikuwa nachambua maharagwe.

"Wamesemaje?" nilimuuliza, nikimtazama ili aone mdomo wangu.

"Wameandika kwamba sikufika."

Nilidhani sikumwelewa. Akanieleza polepole. Alikuwa amekaa kwenye benchi na wenzake tangu asubuhi, hakuondoka hata kwenda msalani. Watu waliingia na kutoka mpaka akabaki yeye tu. Alipomfuata karani, karani akamwonyesha daftari. Jina lake lilikuwa limeitwa mara tatu kutoka mlangoni, hakuna aliyeitika, na mbele ya jina pakaandikwa: hakufika.

Kesho yake sikuomba ruhusa. Nilikwenda. Karani alikuwa msichana mpole, na upole wake ulinikera zaidi kuliko kama angenitukana.

"Mama, utaratibu wetu ni kuita jina," alisema.

"Nisomee jalada la faili yake. Si ndani. Juu tu."

Aliitafuta, akaisoma kwa kidole. "Rufaa. Kutosikia." Kidole kikakaa pale pale kwenye neno hilo.

"Sasa aliitwa ili aitike kwa masikio yapi?"

Aliifunga faili. Alisema tutaandikiwa siku nyingine. Siku hiyo nyingine ilichukua mwaka mzima na miezi juu yake.

Watu wanaodhani kungoja ni kukaa tu hawajaishi na mtu anayengoja. Mume wangu alipata kazi ya kulinda bohari Industrial Area, akaipoteza kwa sababu tajiri alipiga honi langoni na lango halikufunguliwa. Kwenye Jogoo Road mkokoteni ulimgonga kutoka nyuma, na aliyekuwa akiusukuma akamfokea kwamba alipigiwa mbinja tangu mbali. Kanisani alianza kuimba ubeti wenzake walipokuwa wameumaliza, watu wakageuka, naye akaacha kuimba. Zamani alikuwa na sauti nzuri.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba rafiki yake, aliyekaa naye bega kwa bega ndani ya lori lile, alikuwa amekubaliwa mara ya kwanza tu. Masikio yao yalikuwa yameharibika sawasawa, na aliyewapima alikuwa daktari yule yule. Rafiki huyo alikuwa Mkamba, mchonga vinyago, akiishi Mukuru kwa Njenga. Nilimfuata huko nikamwomba aje kutoa ushahidi. Aliweka patasi chini.

"Shemeji, nikienda pale watafungua faili yangu pia," alisema.

"Najua."

Alipangusa vumbi la mbao magotini. "Nitakuja. Tulikuwa lori moja."

Siku ya wito wa pili ilipofika, tulikwenda watatu. Askari wa langoni alinizuia, akisema wanaoruhusiwa ni wenye faili. Rafiki yake akamwambia, "Sisi wawili hatusikii. Huyu ndiye masikio yetu." Tukapita. Daktari aliyekuwa mwenyekiti wa kikao aliuliza maswali yake akiwa ameinamia karatasi.

"Daktari," nilimwambia, "ukitazama chini haoni mdomo wako."

"Mama, mgonjwa si wewe," alinijibu, bila kuinua uso.

Rafiki yake alieleza habari za lori, walikokaa na walivyotolewa. Daktari akamuuliza, "Kwa hiyo mliumia sawa?" Nikamrudishia swali akiutazama mdomo wangu, naye akajibu, "Sawa kabisa." Daktari aliandika kwa muda mrefu. Nami, mjinga, nilifurahi kumwona akiandika.

Barua mbili zilifika katika wiki moja, ya kwetu na ya rafiki yake. Ya kwetu ilisema ulemavu umekubaliwa, ila wa daraja la chini kabisa. Rafiki yake aliileta yake mfukoni mwa shati, akanipa nimsomee, maana lugha ya ofisi ilimshinda. Niliisoma taratibu nikimtazama. Ilisema kwamba, ili pawe na usawa kati ya watu walioumia katika tukio moja, naye ameshushwa hadi daraja hilo la chini.

"Rudia," alisema.

Nilirudia. Walikuwa wameona kosa lao, nao walilirekebisha kwa kumuumiza aliyekuwa amesalimika mikononi mwao.

Mume wangu alikataa kutia sahihi fomu ya kukubali. Tuligombana. Nilimwuliza kama ni yeye peke yake aliyechoka kungoja, na mimi je? Nilimwambia watoto wetu hawali urafiki. Sioni fahari kuyaandika maneno haya, lakini niliyasema, na niliyasema kwa sauti kubwa ili ayasikie.

"Alikuja kwa ajili yangu," alinijibu. "Sitii sahihi."

Asubuhi nilifika ofisini mapema, nikaweka karatasi mbili na kaboni katikati, nikapiga chapa rufaa moja ya watu wawili.

Kikao cha kwanza kiliahirishwa kwa sababu daktari alikuwa likizoni. Cha pili hakikufanyika kwa kuwa faili ya rafiki yake haikuonekana, kisha ikapatikana ndani ya faili ya marehemu mmoja. Muongo ulikuwa unaelekea ukingoni tulipomkuta daktari mwingine, mwanamke wa makamo. Aliwatazama, akachukua karatasi, akaandika maswali yake kwa herufi kubwa na kuwasogezea. Wakajibu. Akawapima kwa vyombo vyake, mmoja baada ya mwingine. Chini ya saa moja alikuwa amemaliza: wote wawili daraja la juu, ulemavu wa kudumu.

Tulipotoka, mume wangu alikuwa akitabasamu. "Yule daktari ana mwandiko mzuri," alisema.

Mimi nilisimama pale ngazini. Karatasi na kalamu. Kazi ya saa moja, nao walikuwa wametuzungusha miaka saba. Nilitaka kurudi ndani nimwulize mtu, yeyote yule, nani atatoa hesabu ya miaka hiyo. Rafiki yake akanishika mkono.

"Shemeji, twende tukanywe chai."

Tuliingia hoteli ndogo kando ya barabara, wakaagiza mandazi. Walikula kwa raha, wakiongea kwa sauti za juu kama kawaida yao, na watu wa meza za jirani wakitutazama. Chai yangu ilipoa mbele yangu. Nilikuwa bado nagombana, kimoyomoyo, na watu waliotia sahihi barua zile, ambao hata sura zao sikuwahi kuziona.