Vitambulisho kwenye Kopo la Biskuti

Miaka ishirini na mbili Bibi Tám amekuwa akibangua korosho, na tisa kati ya hiyo kibanda cha kubangulia ni chake mwenyewe, pale Bù Đăng. Utomvu mkali wa maganda umemla vidole hadi alama za gumba zimefutika, naye hujivunia hilo kuliko hereni. Shuleni aliambulia herufi chache. Jina lake analiandika, basi. Lakini mtoto kushika kisu cha korosho kwake? Thubutu!

Kiwanda kilipotuma habari kwamba mkaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo anakuja, na kwamba kibanda kitakachoshindwa hakitaletewa korosho tena, alisema, "Aje." Ila uwanja aliufagia mara tatu.

Mkaguzi alikuwa binti mwembamba, Quyên. Alitazama glavu, akatazama choo, akawatazama wanawake wote kumi na mmoja usoni. Bibi Tám akaanza kupumua. Ndipo binti akamgeukia Thị Brai, mbanguaji aliyetoka vijiji vya kabila la Wastieng.

"Dada, kitambulisho chako kiko wapi?"

"Kwa Bibi Tám."

"Na wewe?" akamwuliza wa pili.

"Kwa Bibi."

Wote, kwa Bibi. Kalamu ya binti ikasimama.

"Bibi, mbona umewashikia?"

"Nimewahifadhia! Mvua ikinyesha vyumba vyao vinajaa maji. Viko kwenye kopo la biskuti, kwenye meza ninapomfukizia udi marehemu mume wangu. Nani ataiba mbele ya macho yake?"

"Marehemu mwenyewe, kama biskuti zimebaki!" akadakia mmoja. Wanawake wakacheka. Quyên hakucheka.

"Asiye na kitambulisho chake hawezi kuondoka, Bibi. Hiyo tunaiandika kazi ya kulazimishwa."

"Mimi nimlazimishe nani? Brai, mwambie! Uliwahi kukiomba nikakunyima?"

"Sijawahi kuomba, Bibi."

"Umesikia!"

Brai hakuinua macho. "Mwezi wa nne mama aliugua. Safari ile bila kitambulisho siiwezi. Nami ningeombaje? Mpaka uwashe udi, umtake radhi marehemu, ufungue kopo, halafu uniulize nakwenda wapi msimu umepamba moto. Nikaogopa. Nikakaa."

"Mama yako alipona?" akauliza Bibi Tám.

"Alipona. Bila mimi."

Bibi Tám aliingia ndani. Safari hii hakuwasha udi. Alirudi na kopo, akagawa kadi moja moja kwa kutazama picha, maana majina yangemchelewesha.

"Sasa utaandika nini, mwanangu?"

"Nilichokikuta, na ulichokifanya. Kuamua si kazi yangu."

Siku saba hakula akashiba. Kila lori likinguruma barabarani, alitoka mlangoni. Siku ya sita Brai alimjia, kitambulisho mkononi. "Bibi, kesho nakwenda kwa mama."

Bibi Tám akatazama magunia yaliyobaki. "Nenda. Msalimie."

Siku ya nane lori liliingia na nusu ya magunia. Nusu nyingine, dereva alisema, mpaka kibanda kikaguliwe tena.

"Waje hata kesho," alisema Bibi Tám. Kisha akaketi kwenye kigoda cha Brai, akavaa glavu, akashika kisu.