Simba Alikuwa Anatafuta Kivuli Tu

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usije ukafika katikati ukamlaumu mume wangu, au wachimbaji, au mbwa. Hasa mbwa. Yeye hakumdanganya mtu.

Siandiki jina langu kwa sababu Genkuru ni kijiji na watu wanasoma. Mume wangu nitamwita Baba Bhoke.

Dhahabu ilipopamba moto huku kwetu, nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa mzungu mmoja, fundi wa mitambo. Alikuwa na kimbwa cha ajabu: uso bapa kana kwamba kimegongwa na mlango, macho yametokeza, manyoya yanaburuzika chini. Jina lake Simba. Nilicheka mpaka nikakaa. Mzungu akaniambia mbwa wa aina hiyo zamani walifugwa kwenye majumba ya wafalme wa China, wakubwa wakiwabeba ndani ya mikono mipana ya kanzu zao. Mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuwa naye. Wachina wenyewe walimwita mbwa simba.

Na kweli alijiona mfalme. Ukimwita haji, anakutazama mpaka wewe ndiye umfuate. Wageni hawataki kabisa. Lakini akishakupenda, amekupenda wewe tu, na mimi alinipenda.

Nilifundishwa kumtunza. Kumchana kila siku, kumfuta mikunjo ya uso kwa kitambaa chenye maji, kuangalia macho yasichomwe na nyasi, kumfunga mkanda kifuani, si shingoni. Kubwa zaidi ni jua. Pua yake fupi, hewa haimtoshi. "Akitembea kidogo kwenye joto, atalala kifudifudi akwaruze udongo apate ubaridi," mzungu aliniambia. "Hapo mpeleke kivulini haraka, la sivyo atakufa."

Mkataba wake ulipoisha akaniachia Simba, nami nikaja naye nyumbani.

Mbwa wa Kikurya unamjua. Analala nje, anakula kilichobaki, kazi yake ni ng'ombe. Mimi nikaingia bomani na mbwa wa kulala ndani, wa kufutwa uso! Wanawake wa kisimani walinimaliza. Mmoja alisema nimezaa na mzungu. Baba Bhoke alivumilia, kisha siku moja mbele ya ndugu zake akasema, "Mama Bhoke, hiki kitu hata fisi hakimjui. Kesho nikikikuta hapa nakitupa mtoni."

Niliogopa kumpoteza Simba. Na nilikuwa nimechoka kuchekwa, hilo nalo niliseme. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mtupe tu," nikasema. "Ila mjue mzungu alikuwa anamtumia kutafuta dhahabu. Akilala chini akakwaruza, basi hapo pana mali."

Hakuna aliyecheka tena.

Ningeweza kusema natania. Tungecheka wote, yakaisha. Nilinyamaza, maana kwa mara ya kwanza walinitazama kwa heshima, na ilikuwa tamu.

Kesho yake shemeji yangu akamchukua mpaka machimboni, jua la saa sita. Simba akatembea kidogo, akalala, akakwaruza. Wakachimba. Wakapata! Kidogo tu, na pale hata kuku angekwaruza wangepata, lakini nani angenisikiliza? Watu wakaanza kuja kumwazima kutoka Morotonga na kwingine, hata wakubwa kuliko mimi wananisalimia shikamoo. Walimletea Simba maini. Nikawa nadanganya tena ili kumpumzisha, leo hana nguvu, leo haoni. Walipomrudisha ulimi umekuwa wa bluu, nilimwagia maji nyuma ya nyumba huku nalia peke yangu.

Pale nyumbani Simba alikuwa na sehemu yake, nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Kivuli hakihami, na udongo una unyevu kwa sababu mama anamwaga pale maji ya vyombo. Baba Bhoke akamkuta amelala hapo anakwaruza.

"Kumbe ni hapa kwetu," akasema.

Akauza ng'ombe, hata wale wa mahari ya kijana wetu. Akaita vijana, wakafungua shimo pale pale. Mimi nilijua kila kitu na nikawapikia uji. Nilijiambia atachoka.

Hakuchoka. Ukuta wa mama mkwe ukapasuka, ikabidi ahamie kwa binti yake aliyeolewa Busawe. Siku ya kuondoka alinishika mkono. "Mwanangu, mwambie mumeo aache. Wewe anakusikiliza."

"Ndiyo, Mama," nikajibu, nikaenda kumchukulia mzigo wake. Naona aibu kuandika hapa.

Kisha nikaenda mashineni kusaga. Niliporudi, Baba Bhoke alikuwa amemfunga Simba kwenye kigingi mdomoni mwa shimo, kamba shingoni, juani, ili amwonyeshe mwamba wenye dhahabu unaelekea wapi. Simba alikuwa ameshakufa. Miguu ya mbele ilikuwa imejaa udongo.

Hapo nikasema yote. Nilipiga magoti nikaeleza habari ya pua fupi, ya joto, ya uongo wangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza taratibu, "Kaka zako wamekuambia nini?"

Kwetu ni ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Nikamwambia kaka zangu hawahusiki.

"Mnataka niache shimo, mje mchimbe nyinyi. Kwa nini useme leo, tukiwa tumekaribia?"

Nikaapa kwa Biblia. Akasema ninavyoapa hivyo ndivyo anavyozidi kujua kwamba dhahabu ipo.

Vijana wameshaondoka, hawana malipo. Ndugu zake nao wamechoka. Sasa anashuka peke yake, tochi kichwani, na wa kumshusha na kumvuta ni mimi. Ndugu zangu wananiita nirudi. Mpaka hauko mbali. Lakini nikiondoka atashuka hivyo hivyo, na hatakuwepo mtu wa kushika kamba. Kuta zinamwaga mchanga. Kila asubuhi namwambia tena ukweli, naye anasema, "Shusha." Namshusha.

Wewe unayesoma, kama umesema kauongo kadogo ili usichekwe, kafute leo. Usingoje wakuheshimu. Wakishakuheshimu, ukweli wako wataufanya ndio uongo, na hutakuwa na mlango wa kutokea. Afadhali wakucheke mpaka wachoke.

Naishia hapa. Kamba imetikisika, anataka kupanda.