Kila Mtu Aliulizwa Isipokuwa Feramuz

Mume wangu Feramuz hupaka bati sufuria za shaba, hapa hapa Antep, kusini mwa Uturuki. Miaka kumi na mmoja ya ndoa nimemchemshia sharubati ya forsadi nyeusi asukutulie vidonda vya mdomo. Sikuwahi kuviita ugonjwa.

Mwaka jana mguu wa kulia ukamgomea, ulimi ukawa mzito. Picha ikaonyesha uvimbe ndani ya ubongo. Daktari wa upasuaji akawaita wanaume wa familia koridoni, nami nikawafuata nyuma. "Inaelekea ni kansa. Jumatano tunapasua, na huenda asiamke."

"Asiambiwe!" akadakia Hikmet, kaka yake mkubwa. "Mtamuua kwa hofu."

Na daktari, msomi mzima, akaitikia kwa kichwa! Ndivyo tulivyo, mgonjwa huwa wa mwisho kujua. Maswali yote akaulizwa Hikmet, mtu asiyejua hata mdogo wake anavaa kiatu namba ngapi.

"Ana maradhi mengine?"

"Aka! Mzima kama chuma."

Nami nilikuwa pale pale, nimefumba mdomo. Bado najilaani.

Jumatano asubuhi muuguzi Gulten akaja kumnyoa kichwa; yeye tulikuwa tumemwambia ni kipimo tu. Gulten akaona mkono wa mume wangu: kila palipopita sindano pana kipele cha usaha.

"Sindano zenu chafu!" Hikmet akafoka.

"Nyamaza kwanza, kaka, sikukuuliza wewe." Akamwinamia Feramuz. "Ndugu yangu, ukichomwa huwa hivi kila mara?"

"Kila mara, dada."

"Na vidonda mdomoni?"

"Tangu jeshini."

"Na sehemu za siri?"

Feramuz akaona haya, uso ukamwiva. "Huko pia," akanong'ona.

Gulten akaweka wembe chini. "Huyu hapasuliwi mpaka nimwone daktari."

Vipele, vidonda, uvimbe, vyote vilikuwa ugonjwa mmoja, wa Behçet: kinga ya mwili humgeuka mwenyewe, na safari hii ilikuwa imeingia kichwani. Walimtundikia dripu za dawa, na baada ya wiki chache uvimbe ukanywea. Kichwa cha mume wangu kilikuwa kipasuliwe bure kabisa, kwa sababu watu wazima na akili zao walikubaliana asiulizwe kitu!

Siku alipojua yote, nilidhani atamvaa Hikmet. Akanigeukia mimi.

"Saniye, ile Jumanne ulinikata kucha, ukanibusu mikono. Ulikuwa unaniaga?"

"Ndiyo."

"Na mimi je? Nilikuaga saa ngapi?"